Safari ya Zanzibar na Magoti ya Mama Katekista



Nilipofika parokiani kwa mwaka wa uchungaji, Baba Paroko alinikabidhi watoto wa Utoto Mtakatifu, mafundisho ya Kipaimara na, baada ya Noeli, safari ya WAWATA. Akina mama walikuwa wamechanga kwa miaka miwili, shilingi elfu mbili elfu tatu kila mwezi, ili waende kuona bahari. Wengi wao hawajawahi kutoka nje ya mkoa wetu wa Dodoma. Walitaka Zanzibar, siyo kwingine. “Frateri, wewe umesoma, utupangie,” mwenyekiti wao aliniambia. Nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Ratiba yangu ya kwanza ilikuwa nzuri sana machoni pangu. Ilikuwa na vituo kumi na viwili kwa siku mbili: Ngome Kongwe; Beit-el-Ajaib iliyojengwa 1883 (hiyo ni ya kutazama kwa nje tu, maana sehemu yake iliporomoka Desemba 2020); soko la Darajani; kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu; mashamba ya viungo; kima punju wa Jozani; ufukwe wa Nungwi; na jioni, mishkaki na pweza pale Forodhani. Niliisoma ukumbini, akina mama wakapiga vigelegele. Ndipo mkono ukanyooshwa kutoka benchi la nyuma. Alikuwa bibi mmoja ambaye parokia nzima tunamwita Mama Katekista, kwa sababu marehemu mume wake alifundisha dini kigangoni kwao hadi alipofariki.

“Frateri, hiyo tarehe 13 Machi ni siku gani?”

“Ni Ijumaa, bibi.”

“Ya Kwaresima?”

“Ndiyo, bibi.”

“Na hiyo mishkaki?”

Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Mimi, mfundishaji wa Kipaimara, nilikuwa nimewapangia akina mama wa parokia kula nyama Ijumaa ya Kwaresima. Na kulikuwa na kosa la pili ambalo nililigundua mwenyewe usiku. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa Februari 18, na mfungo wa Ramadhani ulianza wiki hiyohiyo. Nilikuwa nimeandika “chakula cha mchana Darajani, saa saba”, hadharani, katika mji ambao karibu watu wote wangekuwa wamefunga. Mgeni gani huyo?

Tukasogeza tarehe. Aprili na Mei ni masika, bahari huchafuka na mtu ambaye hajawahi kupanda hata mtumbwi haanzii hapo. Tukaangukia mwishoni mwa Juni.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Nafasi zilikuwa thelathini na mbili, kadiri ya viti vya basi tulilotaka kukodi, na majina yalikuwa thelathini na tano. Kamati ilikaa. Mmoja alijitoa kwa kuwa binti yake anajifungua mwezi huohuo, na wa pili hakuwa amemaliza mchango. Wa tatu? Kila mtu alijua, ila hakuna aliyetaka kulitaja jina. Mama Katekista ana miaka sabini na nne, na magoti yake yamechoka. Kutoka mlango wa kanisa hadi benchi lake anapumzika mara mbili. Basi mimi ndiye niliyelitaja. Nikaandika kwenye muhtasari kwa mkono wangu: “Kwa ajili ya usalama wake.” Mchango wake alikuwa ameumaliza zamani, kwa kuuza karanga na zabibu. Tulikubaliana arudishiwe fedha zake zote, kana kwamba hilo lingetosha.

Siku ya tatu yake alikuja nyumba ya mapadre na kopo la karanga.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia simo.”

Nikaanza maelezo yangu ya ngazi, boti na vichochoro. Aliniacha nimalize. Halafu akasema bahari kwake si hoja, maji mengi amekwisha kuyaona Mtera. “Mimi nataka kuona wale watu walikokuwa wakipelekwa.”

Sikumwelewa. Akanieleza kama anavyomweleza mtoto. Njia ya misafara kutoka Ujiji kwenda pwani ilipita kwetu Ugogo. Hilo nililijua kutoka darasani, na nilijua pia habari za hongo ambayo watemi wetu waliwatoza wenye misafara, kwa kuwa nchi yetu ni kavu na mwenye kisima ndiye mwenye njia. Tumezoea kulisimulia kwa majivuno kidogo, kwamba hata matajiri wa pwani walipiga magoti kwa Mgogo. Mama Katekista alilipokea kwa bibi yake, naye kwa bibi yake, kwa namna nyingine. Maji yaliuzwa. Wenye msafara walilipa kwa nguo na shanga. Waliofungwa hawakuwa na cha kulipia, wakapewa kadiri bwana wao alivyopenda kuwanunulia, na wengine wakaanguka palepale karibu na kisima.

“Sisi ndio tulikuwa na visima, Frateri,” akasema.

Nimefanya mtihani wa Historia ya Kanisa. Naweza kukuambia kwamba Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa Zanzibar kabla ya kuvuka kwenda Bagamoyo mwaka 1868, na kwamba waliwakomboa watumwa na kuwalea. Mwaka 2018 tuliimba Jubilei ya miaka 150. Lakini sikuwahi kujiuliza watumwa wale walikuwa wamepita mlango wa nani.

Nikairudia ratiba yote, safari hii nikianzia kwenye magoti. Basi tuliliacha. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam tutapanda treni ya SGR, ambayo haifiki hata saa nne, choo kiko karibu na mtu anaweza kusimama akajinyoosha. Kwa kuacha basi, hesabu ya viti thelathini na viwili nayo ikafa. Nikapiga simu nyumba za wageni nikitafuta vyumba vya chini, kwa sababu ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ni kama za kupandia mnazi. (Wa kwanza aliniapia kwamba vyumba vyake ni vya chini; nilipomhoji zaidi ikawa ghorofa ya tatu.) Jozani na Nungwi nikavifuta. Vituo vimebaki vinne.

Kikubwa ni Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi Sultani Barghash alipokubali kulifunga mwaka 1873. Akina mama wawili waliuliza kwa nini tupoteze asubuhi nzima katika kanisa la Waanglikana. Niliwaambia kwamba Krismasi ya mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa hilo. Kwamba altare, kama inavyosimuliwa, imesimama pale palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Na kwamba Askofu Steere aliyelijenga amezikwa nyuma ya altare hiyo. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliosimama, wamefungwa minyororo shingoni, na hiyo minyororo ni ya kweli. Kwenye vyumba vya chini vyenye dari fupi Mama Katekista hatashuka. Amesema atakaa juu asali rozari. Dominika tutashiriki Misa kwetu, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile la minara miwili lililojengwa kati ya 1893 na 1898. Kwa mtu mzima wa afya si mbali kutoka Mkunazini. Mimi nimeweka saa nzima, na mabarobaro wawili wa kwaya wa kubeba kigoda.

Si wote waliofurahi. Mama mmoja kijana aliniuliza waziwazi kama mtu mmoja anaweza kuwanyima wenzake kobe wa Changuu. Swali lake lilikuwa la haki. Boti za kule hupandwa kwa kukanyaga maji ufukweni, na tumekubaliana kwamba wanaotaka wataenda Jumamosi alasiri, wengine wapumzike. Bado wawili wamenuna.

Tunaondoka Alhamisi, Juni 25. Vitambulisho vimekusanywa, tangawizi ya kutafuna kwenye boti imenunuliwa. Jumapili iliyopita baada ya Misa Mama Katekista alinivuta mkono akauliza kama botini wanaruhusu kubeba maji. Nikamwambia wanaruhusu, na hata humo yanauzwa.

“Siyo ya kunywa,” akasema. “Nitachota kisimani kwetu, chupa moja. Nataka kuyamwaga pale kwenye lile shimo, kama wenye mahali watakubali.”

Nimeshapata namba ya simu ya kule. Kesho nitapiga niwaulize, ingawa sijajua nitaanzaje.