Kina na Ukungu wa Myamba

Katika Kiswahili mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi ya mwisho huachwa ijifie taratibu, kama wimbi lililokwisha kufika ufukweni. Hapo hapo, penye udhaifu wa sauti, ndipo mshairi wa jadi alipochagua kuweka kina. Msikilizaji aliyeketi mkekani jirani na malenga hapati taabu, kwani sikio lake limefunzwa kungoja. Mashine haikufunzwa. Simu ya mkononi, isikiapo sauti inashuka, aghalabu huidhania kuwa ni kelele, ikaifuta. Au huongeza nguvu ghafla na kuijaza nafasi hiyo kwa mvumo. Kwa njia zote mbili kina huliwa, na shairi hubaki kama kanzu iliyokatwa pindo.

Kuliwa huko kwa kina ndiko kulikomfanya fundi mmoja wa redio, mkazi wa Myamba katika milima ya Upare ya Kusini, wilayani Same, aazimie kujiundia kinasa sauti chake mwenyewe: maikrofoni ya kondensa, ya aina itumiwayo studio. Hakuwa na studio. Alikuwa na chumba chenye paa la bati, meza ya kazi, shamba la tangawizi na bibi yake mzaa mama.

Bibi huyo alikuwa msichana mdogo mwezi Januari 1945, Wapare walipoteremka kwa maelfu hadi Same kupinga kodi ya mbiru, na yale aliyoyasikia kwa wakubwa zake angali anayahadithia kwa Chasu. Baadaye aliolewa, akaishi miaka mingi Tanga, ambako mumewe alifanya kazi katika mashamba ya mkonge, na huko akajifunza kutunga. Aliporudi milimani alirudi na lugha mbili kinywani: Chasu ya simulizi na Kiswahili cha beti. Mjukuu alimrekodi mara nyingi kwa simu. Kila aliposikiliza alikuta mwanzo wa mshororo u wazi na mwisho wake umemezwa. Katika Chasu hasara ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa lugha hiyo, tofauti na Kiswahili, hutumia kupanda na kushuka kwa toni kutenga maana. Toni ikipotea, neno zima hutiliwa shaka.

Maikrofoni ya kondensa si uchawi. Ni vipande viwili vilivyowekwa uso kwa uso bila kugusana: utando mwembamba mno uliopakwa madini, na nyuma yake bamba la chuma lililotobolewa matundu. Kati yao kuna hewa nyembamba mno. Sauti ikiugonga utando, utando hutikisika, nafasi ile hupungua na kuongezeka, na chaji ya umeme iliyomo hugeuza mtikisiko huo kuwa volti. Edward Wente aliiunda ya kwanza huko Marekani mwaka 1916. Mwaka 1928 Georg Neumann alifungua karakana yake mjini Berlin na kuanza kuziuza, na wenyeji wakaipa maikrofoni yake jina la chupa kwa umbo lake. Mwaka huo huo wa 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kuimba mbele ya mitambo ya HMV, na sauti ya Unguja ikapata kuchongwa katika sahani za santuri. Siti alilazimika kuifuata mashine ng'ambo. Fundi wa Myamba alitaka mashine imfuate bibi.

Kilichomwezesha ni uvumbuzi wa mwaka 1962, pale James West, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia, na mwenzake Gerhard Sessler kutoka Ujerumani, walipogundua namna ya kuifungia chaji ndani ya plastiki yenyewe ikadumu humo miaka na miaka. Utando wa namna hiyo huitwa elektreti. Haudai volti nyingi za kuuchaji. Hudai umeme kidogo tu wa kuiendesha transista iliyo nyuma yake. Kwa njia hiyo kondensa ikawa rahisi, ikaingia katika redio kaseti na simu za vibonye. Fundi alikuwa na kopo zima la kapsuli za elektreti alizozing'oa katika simu mbovu.

Alianza na hizo, na hizo ndizo zilizomfunza somo la kwanza. Kapsuli ndogo ya simu ina kipenyo cha milimita chache. Utando wake hupokea sauti haba, hivyo mvumo wa transista husikika karibu sawa na mnong'ono wa mzee. Ukikuza kimoja, umekuza na kingine. Kwa hiyo mavuno ya tangawizi yalipouzwa, sehemu ya fedha ilikwenda katika kapsuli moja ya elektreti yenye upana wa kama milimita 25, iliyoagizwa kutoka China. Hapo alitakiwa kuchagua: ipokeayo sauti kutoka pande zote, au ielekeayo mbele tu. Ya kwanza haina makuu, haibadilishi uzito wa sauti msemaji akisogea karibu, wala haitishwi sana na pumzi. Ya pili huupa mgongo ulimwengu ulio nyuma yake. Katika nyumba ya mawe yenye mazulia angechagua ya kwanza. Chini ya paa la bati, penye kuku uani, alichagua ya pili.

Kisha ikaja transista. Mafundi wa nchi nyingi huisifu 2SK170 ya Toshiba kwa utulivu wake, lakini kiwanda kilikwisha kuacha kuitengeneza, na kitu kikiadimika waigaji huwa wengi. Yeye alinunua kumi za aina nyingine zenye miguu mitatu ile ile, zisizo na sifa kubwa, akazipima moja moja usiku kwa kuzisikiliza kupitia spika za masikioni bila ya sauti yoyote mbele yake. Iliyonyamaza kuliko zote ndiyo aliyoichukua. Tisa zilizosalia zimo katika bahasha, zimeandikwa kwa kalamu kiasi cha uvumaji wao.

Kifaa kilichomtaabisha kuliko vyote kilikuwa kidogo kuliko vyote: rezista ya gigaohmu moja, yaani ohmu bilioni moja. Rezista za kawaida za redio hukomea katika megaohmu chache, na wauzaji aliowauliza walidhani amekosea sifuri. Hakukosea. Kapsuli ya namna ile ina uwezo mdogo sana wa kuhifadhi chaji, kama pikofaradi 70. Ikifungwa na rezista ya megaohmu 10, chaji huvuja upesi, na kila sauti iliyo chini ya mitetemo 230 hivi kwa sekunde huanza kufifia. Huko chini ndiko kuliko kifua cha msemaji. Ikifungwa na gigaohmu moja, mpaka huo hushuka hadi mitetemo miwili au mitatu, chini kabisa ya uwezo wa sikio la mwanadamu. Na jambo la ajabu kwa asiyezoea ni kwamba kadiri rezista hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo mvumo usikikao unavyopungua.

Mengine yalikuwa mepesi. Kapasita za njia ya sauti alizichagua za filamu ya plastiki, akaziepuka za kauri za bei nafuu, ambazo nyingi hubadilika kwa volti na hutoa mlio zikigongwa. Mwili ulitokana na bomba la shaba nyeupe, na kichwa kilifunikwa kwa wavu wa machujio mawili ya chai, mmoja ndani ya mwingine, ukaunganishwa na waya wa adhi ili mngurumo wa umeme wa nyumba usipenye. Studio huzilisha maikrofoni hizi kwa volti 48 kupitia waya ule ule uchukuao sauti. Umeme wa Myamba ukikatika, betri tano za volti 9 zikifungwa mfululizo hutoa volti 45, na hizo zilitosha.

Jioni ya kwanza ilifanya kazi. Asubuhi ya pili haikufanya. Ilikuwa ikitoa milio kama mafuta ya moto kikaangoni, na sauti ya chini ilikuwa imekimbia. Alibadilisha transista, akabadilisha waya, na tatizo likabaki. Ilipofika saa saba mchana, jua lilipotoka, maikrofoni ilipona yenyewe.

Aliyemwonesha mwizi alikuwa ni dirisha. Myamba ipo juu milimani, na katika misimu ya mvua ukungu huingia nyumbani bila ya kubisha hodi. Unyevu ulikuwa umetanda juu ya kibao cha saketi, juu ya alama za mikono yake na juu ya masalia ya ulimbo yaliyoachwa na risasi ya kulehemu, ukafungua kijia kando ya rezista ile ya gigaohmu. Kijia hicho hakikuonekana, lakini kwa umeme kilikuwa barabara. Hakuna faida ya kununua ukuta wa ohmu bilioni moja iwapo ukungu umechimba mlango pembeni yake.

Alikiosha kibao kwa spiriti na mswaki, mara tatu. Akaing'oa miguu ya vifaa vitatu vinavyokutana mahali pale, kapsuli, rezista na transista, akaiunganisha hewani bila ya kugusa kibao, wala hakuigusa tena kwa kidole. Maikrofoni ikawa inalala ndani ya kopo lenye kifuniko, pamoja na vifuko vidogo vya chembe za kunyonya unyevu vipatikanavyo katika masanduku ya viatu vipya. Mtu wa Unguja au Pemba ataelewa bila ya kuambiwa zaidi, kwani hewa ya bahari hufanya kazi ile ile ya ukungu, na huongeza chumvi.

Bibi aliketishwa mbele ya machujio ya chai siku isiyo na mvua.

"Hiki kitanisikia mimi au kitasikia kikohozi changu?" aliuliza.

"Vyote viwili, bibi."

"Na nikishakufa kitakuwa cha nani, hicho kilichosikia?"

Mjukuu hakuwa na jibu tayari. Walizungumza hadi chai ikapoa. Bibi alitaka beti za Tanga zisikilizwe na yeyote atakaye, na zile za mbiru vivyo hivyo. Lakini nyimbo mbili alizofundishwa na mama yake zibaki kwa watoto wa nyumba. Mjukuu aliyaandika hayo katika daftari, na bibi akaweka dole gumba. Ndipo taa nyekundu ikawashwa.

Rekodi hiyo ina dakika 41. Jogoo yumo, na kiti kilicholegea mguu kimo. Katika ubeti wa nne bibi anasita, anavuta pumzi, na pumzi yenyewe inasikika ikipita katika meno yaliyobaki. Mwisho wa kila mshororo sauti yake inashuka, inakaribia kuzimika, na silabi ya mwisho inafika. Kina kipo. Katika ubeti wa tisa hakipo, kwa kuwa bibi mwenyewe alikisahau, akacheka, akaomba waendelee. Na kicheko hicho nacho kimehifadhiwa, kwa ruhusa yake.