Picha ya kambi, mvua ikija

Mwezi huu siandiki habari za mitihani. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyopiga picha za kambi yetu wakati wa mvua, pamoja na kosa nililofanya.

Jirani yangu, mzee mmoja wa kutoka Uvira, ana binti aliyehamia Marekani mwaka 2016. Binti huyo alikulia hapa hapa Nyarugusu. Sasa wanawe wanamwuliza, mama, wewe ulikulia wapi? Hana cha kuwaonyesha. Picha alizoondoka nazo zote ni za studio: watu wamesimama mbele ya pazia lenye maua, viatu vimefutwa vumbi. Basi akamwomba baba yake picha ya mahali, siyo ya watu. Mzee akaja kwangu kwa sababu simu yangu ina kamera nzuri kidogo.

Nikatafuta kwenye simu, nikakuta hata mimi sina hata moja. Kambi ilifunguliwa 1996, mimi nimezaliwa ndani yake, na sijawahi kuipiga picha. Tumezoea kusema hapa tunapita tu, na nani anapiga picha ya stendi ya basi?

Nilianza mchana wa jua kali. Zikatoka mbaya: anga nyeupe, udongo umepauka, nyumba za matofali zimefanana zote. Mzee akaangalia akarudisha simu. "Mwalimu, hapa siyo pale tunapokaa. Ngojea mvua."

Huku Kasulu mvua huanza Oktoba na kwenda mpaka Mei, lakini siku yenyewe haikuambii. Asubuhi kweupe, saa nane joto linabana, saa kumi upepo unapiga maturubai. Mvua nyingi nilizoziona mimi zinatoka mashariki, na hiyo inamsaidia mpiga picha. Jioni jua liko magharibi, mgongoni kwako, na wingu jeusi liko mbele. Kwa dakika chache jua linapiga kuta na miti, na nyuma yake kumekuwa kama usiku. Udongo unakuwa mwekundu kama tunavyoujua. Upinde wa mvua ukitokea, utaonekana upande huo huo wa wingu, maana siku zote unakaa mkabala na jua.

Kwa simu, gusa wingu kwenye kioo, usiguse ardhi, la sivyo wingu litageuka jeupe. Futa lenzi. Usivute karibu, picha inaharibika. Mimweko ya usiku, ile ya mbali sana isiyosikika ngurumo, haikamatwi kwa kubonyeza, kidole kinachelewa. Rekodi video, halafu isimamishe pale palipomulika.

Siku ya tatu nilikwenda uwanja wa mpira na wanafunzi wawili wa mwaka wa sita. Wingu lilikuwa zuri mno. Darasani nawafundisha: hesabu sekunde toka mmweko hadi ngurumo, gawa kwa tatu, umepata kilomita, kwa kuwa sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Watoto wakahesabu kumi na tano. Wakahesabu tisa. "Mwalimu, twende." Nikasema ngojeni, moja tu. Mara ya tatu hawakupata nafasi ya kuhesabu. Radi ilipiga mti kando ya uwanja, ganda likachanika toka juu hadi chini. Hatukuumia, lakini yule msichana hakusema neno mpaka usiku. Mama yake akaja nyumbani.

"Mwalimu, mtoto angekufa, ungenipa hiyo picha niizike?"

Sikuwa na jibu. Aibu ni kwamba nilikuwa najua. Utafiti wa setilaiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha kwamba Kabare, huko kwetu Kivu ya Kusini, ndipo mahali panapopigwa na radi kuliko pote Afrika, na pa pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Wazee wetu wanaiogopa radi kwa haki. Ukishasikia ngurumo tu, radi inaweza kukufikia, hata kama juu yako kuna jua. Ingia nyumba imara, siyo chini ya mti wala turubai. Kaa mbali na kuta na mlango, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Wanafunzi siwachukui tena.

Picha iliyotumwa siyo ile ya uwanjani. Niliipiga wiki iliyofuata, baada ya kungoja nusu saa darasani: njia imejaa maji, mawingu yanaonekana ndani ya madimbwi, ndoo zimepangwa chini ya bati, na kule mwisho wingu kubwa linaondoka kuelekea magharibi.

Mzee aliiangalia muda mrefu.

"Ile mvua iko inakwenda kwetu?"

"Inaelekea ziwani, mzee."

"Basi tuma hiyo."

Jibu lilikuja usiku. Watoto wameuliza kwa nini ardhi ni nyekundu, na ndoo ya bluu ni ya nani.