Raundi ya Kumi na Tatu

Mwaka 1969, ndani ya studio moja mjini Miami, mabondia Rocky Marciano na Muhammad Ali walipigana pambano ambalo wenyewe hawakujua nani ameshinda. Mtayarishaji wa vipindi vya redio, Murray Woroner, alikuwa ameilisha kompyuta takwimu zao, kisha akawaita waigize raundi fupifupi za dakika moja pamoja na miisho kadhaa tofauti, ili filamu iunganishwe baadaye kufuata majibu ya mashine. Marciano alikuwa na miaka 45 na hakuwa amepanda ulingoni kwa ushindani tangu 1955. Alipunguza zaidi ya kilo 20, akavaa nywele za bandia kuficha upara. Ali, mwenye miaka 27, alikuwa amenyang'anywa mkanda na leseni kwa kukataa kuingia jeshini. Alihitaji fedha.

Tarehe 31 Agosti mwaka huohuo, ndege ndogo aliyopanda Marciano ilianguka Iowa. Alikufa akiwa amebakiza siku moja kutimiza miaka 46. Filamu ilionyeshwa Januari 1970, na katika kumbi za sinema za Marekani marehemu alimlambisha Ali sakafu kwa KO ya raundi ya 13. Katika toleo lililopelekwa Ulaya, mshindi alikuwa Ali. Mashine moja, takwimu zilezile, washindi wawili, kutegemea tiketi imeuzwa wapi! Ali alitania kwamba kompyuta hiyo lazima ilitengenezwa Alabama, na Mmarekani mweusi yeyote wa wakati ule hakuhitaji kufafanuliwa utani huo.

Ninaikumbuka filamu hii kila ubishi wa mabondia wa zamani na wa sasa unapozuka, na huzuka popote penye benchi na kahawa. Mike Tyson wa 1988 angemfanya nini Tyson Fury? Joe Louis angesalimika mbele ya Lennox Lewis? Wazee huapa, vijana hucheka. Mimi huwa nawatupia jina la Marciano, kwa sababu ndiye anayewavuruga wote wawili.

Wazee wana karata moja nzito: mapambano 49, ushindi 49, KO 43. Hakuna bingwa mwingine wa dunia wa uzito wa juu aliyemaliza kazi yake bila kupoteza wala kutoka sare hata mara moja. Larry Holmes aliifikia 48, akapoteza kwa Michael Spinks tarehe 21 Septemba 1985, miaka 30 kamili tangu pambano la mwisho la Marciano. Kwa uchungu Holmes akamtolea marehemu maneno ya dharau yaliyomlazimu kuomba radhi baadaye.

Vijana nao hutoa simu na kusoma vipimo. Marciano alikuwa na urefu wa sentimita 178 na uzito wa kilo 85 hivi, na mikono yake ilikuwa mifupi hata kwa mtu wa kimo hicho. Tyson Fury ana sentimita 206, na Desemba 2024 alipanda mizani akiwa na zaidi ya kilo 127. Siku hizi Marciano asingehitaji hata kupigana katika uzito wa juu, kwani tangu karibu 1980 kuna daraja maalumu kwa watu wa mwili wake, na angeliingia akiwa na nafasi ya kuongeza kilo. Halafu wanauliza alimpiga nani. Louis alikuwa na miaka 37 na ameshachoka. Jersey Joe Walcott alikuwa na miaka 38. Archie Moore alitoka uzito wa chini, naye hakuwa kijana. Hoja hizi ni za kweli na sioni faida ya kuzikwepa.

Lakini kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita. Tarehe 23 Septemba 1952 mjini Philadelphia, Marciano aliangushwa katika raundi ya kwanza na Walcott, akavuja damu usoni, na kufikia mwisho wa raundi ya 12 kadi zote tatu za pointi zilikuwa zimemweka nyuma. Katika ya 13 alirusha konde moja fupi la kulia, Walcott akaning'inia kwenye kamba kisha akateremka chini. Mkanda ukabadilisha kiuno. Raundi hiyo leo haipo. Baada ya bondia Mkorea Kim Duk-koo kuanguka raundi ya 14 mbele ya Ray Mancini mnamo Novemba 1982 na kufariki siku chache baadaye, mapambano ya ubingwa yalianza kupunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12, na kabla muongo haujaisha utaratibu wa zamani ulikuwa umekwisha. Uamuzi ulikuwa sahihi. Hata hivyo, kwa sheria za sasa, usiku ule kengele ingelia, Walcott angenyanyuliwa mkono, na rekodi ya 49 kwa 0 isingekuwapo.

Kumbe tunapomleta Marciano katika wakati wetu tunamleta bila raundi zake. Tunamvua zile dakika za mwisho alizojijengea mwili kwa ajili yake, kwa mbio za maili nyingi alfajiri, tunampanga mbele ya jitu lililolelewa kwa lishe na maabara za leo, halafu tunashangaa anaonekana mdogo. Na wale wanaompeleka Fury nyuma hadi 1952 hufanya dhuluma ileile kwa upande wa pili: aruke raundi 15 na kilo 127?

Ubishi wa aina hii upo hata nyumbani kwetu. Nina mjomba aliyeendesha malori ya mafuta kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wake Novemba 1965 na njia ya kusini kufungwa. Barabara ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na madereva waliiita jehanamu. Watoto wetu wanamtania: mjomba, lori la leo lenye skrini na gia zinazojibadilisha ungeliweza? Yeye hukasirika na kujibu kwamba madereva wa siku hizi wasingefika hata Iringa. Nimewasikiliza miaka mingi, na nimeona kwamba hawabishani kuhusu malori. Watoto wanataka kuambiwa kuwa nao wanafanya kazi ngumu. Mzee anataka kuambiwa kuwa ile yake ilikuwa kazi. Hakuna anayemwambia mwenzake hilo, hivyo lori linabebeshwa mzigo usio wake.

Kwenye masumbwi, bahati mbaya, enzi hukutana kweli. Mwaka 1910, James Jeffries, aliyestaafu bila kushindwa, alishawishiwa kurudi ulingoni mjini Reno amkabili Jack Johnson kwa sababu Wazungu hawakutaka kumwona bingwa mweusi. Alipunguza makumi ya kilo, akapigwa hadi raundi ya 15. Oktoba 1951, Marciano mwenyewe alikabidhiwa Louis, shujaa wake, akamtupa nje ya kamba katika raundi ya nane, na inasimuliwa kwamba baadaye alilia. Oktoba 1980, Holmes alimchapa Ali aliyekuwa bosi wake mazoezini, mpaka kona ya Ali ikasimamisha pambano baada ya raundi ya 10. Januari 1988, Tyson akamfanyia Holmes vivyo hivyo kwa raundi nne tu. Na Novemba 2024, Tyson, akiwa na miaka 58, akapandishwa ulingoni Texas na kijana wa mitandaoni, jambo ambalo sitaki kulizungumza zaidi ya hapa. Katika mikutano hii yote kijana alishinda, na hakuna hata mmoja uliotuonyesha nani alikuwa bora. Saa ndiyo iliyoshinda.

Isipokuwa mara moja. Tarehe 5 Novemba 1994, huko Las Vegas, George Foreman mwenye miaka 45 alivaa bukta ileile aliyopigwa nayo na Ali mjini Kinshasa miaka 20 nyuma, akasimama mbele ya bingwa Michael Moorer wa miaka 26. Kwa raundi tisa alikula ngumi bila kuinua uso, nyuma kwa majaji wote. Katika ya 10 akatuma konde moja la kulia, na Moorer akalala. Wazee wakasherehekea kana kwamba enzi yao imethibitishwa. Mimi naona Foreman alifaulu kwa sababu hakujaribu kuwa Foreman wa 1974. Yule wa zamani alikimbilia watu kwa hasira. Huyu alisimama, akasubiri, akahifadhi pumzi.

Marciano aliijua tangu mwanzo siri hiyo ya kupigana kwa mwili ulionao. Kocha wake Charley Goldman alimpata akiwa na miguu mizito na amechelewa kuanza. Hakumlazimisha asimame wima kama mabondia wa vitabuni. Alimfundisha kuinama zaidi, awe mfupi kupita alivyokuwa, ili mrefu alazimike kupiga chini huku yeye akipanda na konde kutoka magotini. Ufundi wa namna hiyo hauhami kirahisi kutoka enzi moja hadi nyingine, kwa kuwa umeshonwa kwa vipimo vya wapinzani waliokuwapo.

Mkinishika shati niweke dau, nitaweka. Marciano wa 1952 dhidi ya Oleksandr Usyk, raundi 12, glovu za leo: Usyk kwa pointi, bila wasiwasi mwingi, kwa sababu mtu aliyemshinda Fury mara mbili akiwa mwepesi kuliko yeye kwa kilo nyingi anajua kukaa mbali na ngumi. Dhidi ya Fury mwenyewe, Fury, na pambano litakuwa baya kutazama. Lakini mkiniwekea raundi 15, na ikafika ya 12 Marciano bado kasimama, uso umechanika na yuko nyuma kwa majaji wote watatu, naomba nirudishiwe hela yangu kabla kengele ya 13 haijalia.