Habari Ziwafikie

Tangazo la kifo la redioni lina mpangilio ambao Mtanzania yeyote wa umri wangu anaujua kwa moyo. Bwana fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, kilichotokea usiku wa kuamkia leo. Mazishi ni kesho saa kumi alasiri, nyumbani kwa marehemu. Kisha huja fungu refu kuliko yote: habari ziwafikie kaka zake walioko Korogwe, dada yake aliyeolewa Kilosa, mjomba wake aliyeko mgodini Mwadui, shemeji zake wa Mombasa, na ndugu, jamaa na marafiki wote popote walipo. Mtangazaji husoma polepole bila kuruka jina, kwa sababu kila jina ni mtu anayengojewa msibani.

Utotoni niliyasikiliza matangazo hayo kwa hofu ya kusikia jina la kwetu. Leo nayasikiliza kwa sababu nyingine pia. Tangazo moja tu la namna ile linaueleza ukoo: nani kazaliwa na nani, nani kahamia wapi na kazi gani ilimpeleka. Mtu wa Lushoto aliyekuwa Mwadui alifuata almasi. Aliyekuwa Kilosa alifuata mkonge, au reli. Lau tungeyaweka matangazo ya mwezi mmoja tu wa mwaka 1975, tungejua jinsi wananchi wa nchi hii walivyotawanyika na kuoana, tena kwa majina yao, jambo ambalo sensa haiwezi kutuambia. Hatukuyaweka. Yalisomwa, yakawafikia waliokusudiwa, karatasi zikatupwa.

Jambo hili limenikaa moyoni miaka mingi. Tuna desturi ya kudhani kwamba historia ni kile kilichosemwa na wakubwa mbele ya kipaza sauti. Tarehe 2 Novemba 1978, katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Mwalimu Nyerere aliwaeleza wazee wa Dar es Salaam kwamba majeshi ya Idi Amin yameivamia nchi na kwamba tutapigana. Sauti ile ipo, na vijana waliozaliwa baada ya vita wanaweza kuiigiza, pumzi kwa pumzi. Inastahili. Lakini wiki ile ile watu walifiwa, wakapotelewa na watoto, wakatafutana, na redio ikawatangazia. Kipande hicho cha maisha yetu hakuna anayeweza kukiigiza, kwa kuwa hakuna aliyeona kuwa kinafaa kuwekwa.

Sisemi kwamba redio yetu haikutunza kitu. Imetunza hazina ambayo bado hatujaijua ukubwa wake. Ilianza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, na baada ya uhuru ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miaka mingi studio yake ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa bendi za nchi hii kurekodi. NUTA Jazz walipita pale, Western Jazz walipita, Atomic Jazz wa Tanga yetu walipita, na Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz pia. Walikwenda ili wimbo wao upigwe hewani, watu wacheze. Wala hawakuambiwa kwamba wanaacha nyaraka. Mbaraka alifariki mwaka 1979 akiwa bado kijana, na sauti yake tunayo. Sifa hiyo tunawapa wanamuziki, nao wanastahili, lakini mimi nawakumbuka pia mafundi mitambo waliokaa nyuma ya kioo, na yule mtu wa maktaba ya kanda aliyechukua kalamu akaandika juu ya boksi jina la bendi, jina la wimbo na tarehe. Kanda isiyo na maandishi ni sauti ya mtu usiyemjua akiimba siku usiyoijua. Dakika moja ya uangalifu wa mfanyakazi ambaye hakuna aliyemshukuru ndiyo inayotuwezesha leo kusema huyu ni nani.

Mimi ni mtu wa Tanga, na mkoa wetu una deni kubwa kwa magazeti. Mwishoni mwa karne ya 19, wamisionari wa Magila, karibu na Muheza, walichapisha Habari za Mwezi kwa Kiswahili. Mwaka 1904 shule ya serikali ya Wadachi hapa Tanga mjini ikaanzisha Kiongozi, gazeti lililosambaa kwa mikono ya walimu na makarani mpaka bara. Waandishi wake wengi walikuwa Waafrika waliosoma shule hizo, wakapangiwa kazi mbali na kwao, nao wakaleta habari za pale walipo: mvua, njaa, mgeni aliyepita, mtu aliyefariki. Gazeti lilikufa mwaka 1916, Waingereza walipoiteka Tanga. Mtafiti anayetaka kujua Kiswahili cha maandishi kilivyokuwa kabla ya kusanifishwa, au karani Mwafrika wa wakati ule aliwaza nini, lazima apite kwenye kurasa hizo.

Hapo hapo lakini pana funzo lililonichukua muda kulipokea. Vita vya Majimaji vilipigwa kuanzia mwaka 1905 hadi 1907, na Kiongozi lilikuwepo. Lilikuwa gazeti la serikali, na lilivisema vita vile kwa kinywa cha serikali. Aliyekunywa maji na kwenda kuikabili bunduki hakupewa safu. Kwa hiyo msomaji anayelishika gazeti kama lile kwa heshima tu, bila maswali, atazirithi habari pamoja na upofu wa gazeti lenyewe. Sasa nikisoma ukurasa wa zamani najiuliza kwanza: nani hayumo? Mara nyingi hawamo wanawake, na wakiwemo ni mke wa fulani au mama wa fulani. Hayumo mvuvi. Hayumo manamba wa mkonge, ingawa mji mzima ulisimama juu ya jasho lake. Hata tangazo la kifo nililolisifu hulipiwa, na asiyekuwa na senti alizikwa bila kutangazwa. Namwuliza hivyo hivyo mtu akinisimulia maisha yake, na nimeona kwamba yale anayoyaruka yana uzito sawa na anayoyatamka.

Ila gazeti la mwenye nguvu nalo huweza kutumiwa na wasio na nguvu. Mambo Leo lilianzishwa na Idara ya Elimu ya Waingereza mwaka 1923, na nia yake ilikuwa kuwaelekeza raia. Raia wakalijaza barua, mashairi na habari za miji yao. Kijana mmoja wa Vibambani, karani wa ushuru wa forodha, alikuwa akipeleka mashairi yake huko. Ndiye Shaaban Robert. Na pale Mambo Leo lilipokuwa halithubutu kugusa, Erica Fiah, mwenye duka Dar es Salaam aliyetoka Uganda, alianzisha gazeti lake Kwetu mwaka 1937, akasema. Ukiyasoma yote mawili kwa pamoja ndipo unapoanza kuona miaka ile ilivyokuwa. Najua wapo wanaotaka kila mji uwe na chombo kimoja chenye nidhamu. Mimi nataka viwe viwili angalau, visivyoelewana.

Barua za wasomaji ndizo zinazonigusa zaidi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na mavazi mengine yaliyoitwa ya aibu, watu waliandika magazetini kwa wingi, wengine wakiunga mkono, wengine wakiuliza kwa nini utamaduni wa taifa upimwe kwa goti la msichana. Walikuwa na hasira, walitaka tu kusikilizwa wiki ile. Miongo minne baadaye mwanahistoria Andrew Ivaska alizitumia barua hizo katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu Dar es Salaam ya miaka ya sitini. Aliyeandika na kusaini jina lake, akataja na mtaa wake, alitoa ushahidi bila kuitwa mahakamani.

Na redio za mbali na Dar es Salaam zimefanya kazi ambayo Dar es Salaam isingeiweza. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, wakati kambi za huko zilipokuwa zimejaa watu kutoka Rwanda, na baada yao kutoka Burundi. Familia zilikuwa zimepoteana njiani. Mtu aliyepotewa na mtoto hahitaji uchambuzi wa siasa. Anahitaji jina la mtoto litamkwe sawasawa, na kijiji alichotoka, na jina la baba yake. Nikifikiria usahihi katika kazi ya habari, nafikiria hilo kabla ya jingine lolote.

Marehemu baba yangu alijua mambo haya bila kusoma kitabu chochote cha historia. Alikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Saa ya matangazo ikifika aliketi nalo karibu na redio, na likisomwa jina la mtu wetu au wa jirani, aliandika: marehemu, tarehe, mahali pa kuzikwa, aliyetangaza, na wote waliotajwa kwamba habari ziwafikie. Babu alipofariki mwaka 1971, tangazo lake liliingia mle pia. Shamba lake la minazi halikugawanywa, kama ilivyo kwa mashamba mengi ya pwani. Likabaki la wote. Miaka mingi baadaye walikuja watu kutoka Pangani wakisema kwamba baba yao alikuwa mtoto wa babu kwa mke mwingine. Baadhi ya jamaa waliwakana, na wazee waliowajua walikuwa wamekwisha kufa. Daftari likafunguliwa. Katika orodha ile jina la baba yao lilitangulia, kabla hata ya jina la baba yangu, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa. Wakapewa haki yao. Leo wajukuu wa Pangani na sisi tunazikana na kuozana.

Siku hizi misiba hutangazwa kwenye makundi ya simu, na habari hufika upesi kuliko wakati wowote. Hilo ni jema, sitalibeza. Lakini simu huibwa, huvunjika, kundi hufutwa siku ya arobaini, na tangazo hufa kabla ya kaburi kusakafiwa. Redio za mikoani bado zinasoma. Kijana mmoja anayetangaza katika kituo kidogo cha huku kwetu alinieleza kwamba kompyuta ya studio ikijaa, vipindi vya zamani hufutwa ili vipya vipate nafasi, na kwamba vikitafutwa vya kubakishwa, huchaguliwa ziara za viongozi. Aliniuliza, kwa dhati kabisa, kama ana nafasi ya kitu kimoja tu kwa siku, aweke nini.

Nilimwambia aweke matangazo. Aweke ya vifo, ya mtoto aliyepotea, ya ng'ombe aliyeokotwa, ya bei ya mahindi sokoni, ya maji yatakayokatika Alhamisi, yote jinsi yalivyosomwa. Ziara ya kiongozi ina wapiga picha wake na ofisi ya kuitunza. Nilimwomba kila faili alipe tarehe kamili, mahali, na majina matatu ya anayezungumza, na pale mama anapotajwa kama mama wa fulani, aulize jina lake mwenyewe na aliandike. Tangu hapo anafanya hivyo. Wazee wa baraza letu tumechanga tukamnunulia diski ya pembeni, na barua ya kuomba nakala zipokewe maktaba ya mkoa tumekwisha kuipeleka. Jibu halijaja. Wiki ijayo tutaifuatilia, naye anaendelea kunakili.