Mvua ya Uluguru na Bomba la Kimara

Natoa ushuhuda huu nikiwa na akili timamu, ingawa mume wangu ana mashaka na hilo. Mimi ni mtu wa Kimara, na kwa miaka yote niliyoishi Dar es Salaam sikuwa na neno jema la kusema kuhusu mvua. Ikinyesha alfajiri, ujue Jangwani hapapitiki, mwendokasi umesimama, bodaboda wamepandisha bei na sare za watoto hazikauki. Wingu likitanda nilikuwa nasonya kwanza, ndipo naenda kuanua.

Kwa hiyo kikundi chetu cha mazoezi kilipotangaza kwenda kulala kwenye mahema Milima ya Uluguru, wikiendi ya mwisho wa Machi, masika yakiwa yameshapiga hodi, nilisema hayo ni mambo ya wazungu. Nilikwenda kwa sababu moja tu isiyo na utukufu wowote: mchango nilikuwa nimeshalipa, na mweka hazina wetu hela ikishaingia mkononi mwake hairudi.

Treni ya umeme ilitufikisha Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili. Tukapanda mlima kwa miguu hadi Morningside, penye jengo kuukuu la enzi za Wajerumani, kwenye mwinuko wa kama mita 1,300. Mvua ilitupokea njiani na haikutuacha. Usiku wenyewe sitausimulia sana. Hema langu lilivuja kwenye mshono, ubwabwa ukaiva nusu, na kuna mtu wa kikundi chetu, simtaji, aliyekoroma kushinda radi.

Kilichonibadilisha kilitokea Jumapili asubuhi. Tulitoka kufuata njia inayopanda kuelekea Bondwa, kile kilele chenye minara ya mawasiliano kinachoonekana ukiwa mjini. Kijana aliyetuongoza alivaa buti za mpira na kutembea kana kwamba yuko sebuleni kwao. Mimi nilikuwa natambaa. Tope la Uluguru likiloa halina huruma: unaweka mguu hapa, unaukuta kule. Na kwenye njia hiyohiyo tukawa tunapishana na kina mama wanaoteremka sokoni, matenga ya mboga na mikungu ya ndizi kichwani, miguuni yeboyebo. "Pole, mwanangu," akaniambia mmoja wao alipoona nimeng'ang'ania mgomba wa watu, wala hakusimama. Yale niliyoyaita mambo ya wazungu, yeye alikuwa ameyaanza kabla hajanywa chai.

Tulipokaribia mpaka wa msitu wa hifadhi, kijana akatusimamisha mahali ambapo vijito viwili vinakutana. Ni vijito vidogo, unavivuka kwa hatua moja. Kimoja kinatoka upande wa mashamba, kingine kinatoka msituni. Mvua iliyovinyeshea ilikuwa ileile, usiku uleule. Cha mashambani kilikuwa chekundu, kizito, kimebeba mabua na udongo. Cha msituni kilikuwa cheupe kiasi kwamba niliona mchanga chini yake, chembe kwa chembe, na jani moja la kijani limekwama kwenye jiwe likitikisika. Vilipokutana havikuchanganyika mara moja. Viliteremka sambamba, huku wekundu huku weupe, kama hatua tatu nne hivi, kisha wekundu ukashinda.

"Hayo ndiyo mnayokunywa Dar," kijana akasema, akicheka.

Nilidhani ni utani. Tukiwa tumekaa kwenye gogo tunakula viazi vya jana, akanichorea kwa kijiti kwenye tope. Maji haya yanaingia Mto Morogoro, unaopita mjini. Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu. Vijito vya upande wa pili wa mlima, ule unaotazama bahari, vinakwenda Ruvu pia, tena vikiwa na maji mengi zaidi, kwa sababu upepo wa Bahari ya Hindi hufika na unyevu wake, ukigonga mlima hupanda, hupoa, na mzigo wote humwagikia huko. Kuna sehemu za mashariki ya Uluguru zinazopata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka. Na Ruvu ndio unaolisha mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Hapo palipobaki sikuhitaji kuchorewa. Maji ya Ruvu Juu ndiyo yanayokuja kwetu.

Nikakumbuka Oktoba 2022, Ruvu uliposhuka kwa ukame na jiji likaingia kwenye mgao. Nilikuwa naamka saa nane usiku kukinga maji kwa ndoo, nikilaani kila mtu niliyeweza kumfikiria. Milima hii haikunijia akilini hata mara moja.

Tulipoingia msituni mvua ilikuwa imekatika, lakini chini ya miti bado ilikuwa inadondoka. Niliminya majani madogomadogo yaliyovika shina la mti mmoja na maji yakanichuruzika hadi kwenye kiwiko, kama vile nimekamua sifongo. Ukungu hushika matawi, hugeuka matone, na matone hushuka polepole ardhini. Ndiyo maana kijito cha msituni hakikuwa na papara.

Isije ikadhaniwa nawalaumu wakulima. Wana watoto wa kulisha, na ardhi ya mlimani ni finyu. Waingereza walijaribu kuzuia mmomonyoko kwa amri, wakawashurutisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 watu wakachachamaa mpaka mpango ule ukavunjika. Kwa maoni yangu, sisi tunaofungua bomba huku chini ndio tunaopaswa kuulizwa tunachangia nini kwa aliye juu. Bili yangu nailipa kwa wakati, ila sijawahi kumnunulia mtu wa Uluguru mche mmoja wa mti.

Baada ya safari ile nimefanya mambo machache. Nimeweka mifereji kwenye bati na simtanki chini yake, ingawa fundi alinisumbua mno. Kikundi chetu sasa hupanda Uluguru masika yakiwa yamekolea, si kiangazi, na mimi ndiye ninayewabembeleza wanaogoma. Wiki zikipita bila mvua nampigia simu yule kijana kumuuliza huko kwao kumenyesha vipi, na akisema kumenyesha napata usingizi. Mume wangu anasema nimelogwa.

Lakini jirani yangu wa bondeni, ambaye maji humwingilia mpaka chini ya kitanda kila masika, simhubirii habari za Uluguru. Mvua ikianza kupiga bati usiku navaa buti za mpira, nilizonunua Morogoro Jumapili ileile, nateremka kumsaidia kupandisha magodoro na gunia la mchele juu ya meza. Akiwa anailaani mvua namwachia ailaani.