Nani Anamchorea Nani?

Leo naomba niandike juu ya jambo ambalo huenda likaonekana kuwa mbali na tarbia na tenzi zetu: kompyuta mpakato inayokataa kupeleka picha kwenye kiwambo cha pili. Walio wengi kati yetu sasa wananakili miswada kwa kompyuta, na tatizo hili litawafika.

Katika hati ya kale ya Kiarabu, herufi ya be huweza kusimama badala ya b, p, na hata mb. Neno moja basi laweza kusomwa pata, bata au mbata. Mizani haisaidii, kwa kuwa yote yana silabi mbili. Kina hakisaidii, kwa kuwa yote yanaishia kwa ta. Muktadha nao ukiwa na utata, mwamuzi ni mtu aliyeusikia utenzi huo ukighaniwa.

Katika mswada ninaounakili, mwamuzi huyo ni bibi mmoja aliyepita miaka 80. Macho yake yamefifia. Kwenye mpakato hazioni nukta, lakini picha ya ukurasa ikikuzwa kwenye kiwambo kikubwa, yeye husoma nami nikachapa. Siku kiwambo hicho kilipobaki cheusi, kazi ilisimama, na kazi ya namna hii haina hakika ya kesho. Fundi mmoja alishauri kinunuliwe kiwambo kipya.

Neno kiwambo limetokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Kiwambo hakichori, huchorewa. Kauli hiyo ya kitenzi ndiyo iliyonipa swali: nani anakichorea?

Kompyuta mpakato nyingi zina chipu mbili za michoro. Ndogo imo ndani ya prosesa nayo hutumia umeme kidogo. Kubwa hujitegemea, hufanya kazi nzito kama michezo na uhariri wa video, na hula betri. Mwaka 2010 kampuni ya NVIDIA ilitangaza mbinu iitwayo Optimus: chipu kubwa huamshwa inapohitajika tu, huchora, kisha mchoro hunakiliwa kwenye kumbukumbu ya chipu ndogo, ambayo huukabidhi kwa kiwambo cha ndani. Ni mithili ya mtunzi anayemwachia mghani shairi lake.

Matundu ya nje, hata hivyo, hayana kanuni moja. Watengenezaji wengine huliunganisha tundu la HDMI na chipu ndogo, wengine na kubwa. Na katika mashine hiyohiyo, HDMI yaweza kuwa ya chipu moja na USB-C ya chipu nyingine. Hapo ndipo penye fumbo. Chipu kubwa ikizimwa ili kuokoa betri, au kiendeshi chake kikikosekana, kiwambo cha ndani huendelea kung'aa, ilhali tundu linalotegemea chipu hiyo halitoi kitu. Lawama humwangukia asiyehusika, yaani kiwambo cha nje.

Kwa hiyo, utafiti uende kwa hatua. Kwanza, waya na kiwambo vijaribiwe kwenye kompyuta nyingine. Vikifanya kazi, havina kosa. Pili, kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kupanua eneo la kazi. Tatu, hakikisha kwamba chipu zote mbili zinatambuliwa na zina viendeshi vyake. Kwenye Linux inayotumia X, amri ya xrandr --listproviders huziorodhesha. Nne, jaribu tundu jingine, ukikumbuka kwamba si kila USB-C hupitisha picha. Tano, angalia kama kuna mpangilio wa kuokoa umeme uliozima chipu kubwa.

Kwangu jibu lilikuwa hilo la tano. Nilirejesha matumizi ya chipu zote mbili, nikaiwasha mashine upya, na ukurasa ukatokea na nukta zake zote. Gharama yake ni joto na betri inayokwisha mapema, kwa kuwa chipu kubwa haipati tena usingizi kiwambo cha nje kinapotumika. Kiwambo kipya hakikununuliwa.

Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba habari za mitambo hii. Kwa maoni yangu, upungufu wa istilahi upo, lakini sarufi yetu haina upungufu. Chora, chorea, chorwa, chorewa: mzizi mmoja unamtaja anayetenda, anayetendewa, na kile kinachotendwa, bila kumficha yeyote. Fundi aliyeniambia kwamba "skrini imegoma" alimtaja mmoja tu kati ya watatu. Mashine ikikushinda, msomaji wangu, usikimbilie dukani. Kinyambue kwanza kitenzi.