Kuwasoma Marais kwa Sauti

Kitabu cha kwanza cha siasa nilichokimaliza kilikuwa chembamba tu: Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, cha Mwalimu Nyerere, kilichochapwa Harare. Mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, nakala moja ilizunguka nyumba hadi nyumba mpaka jalada likabanduka. Watu wazima walikizungumza kwa sauti ya chini. Hakuna aliyekikataza, ila hawakuwa wamezoea kumsikia Mwalimu akiwasema wakubwa wa CCM kwa majina. Wabunge 55 walikuwa wamedai Serikali ya Tanganyika, naye Mwalimu akawabebesha lawama Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa chama, Horace Kolimba, kwamba hawakumsaidia Rais inavyopasa. Rais huyo alikuwa Ali Hassan Mwinyi, wakati huo bado akiwa Ikulu. Yeye alisemewa sana katika kitabu kile. Sauti yake mwenyewe hatukuisikia.

Ndiyo maana kitabu chake, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, kilipozinduliwa tarehe 8 Mei 2021, siku Mwinyi alipotimiza miaka 96, nilikitafuta kama mtu anayedai deni. Magazeti yalivutiwa zaidi na gari alilozawadiwa na Rais Samia siku hiyo. Mimi nilikichukua kitabu nikaenda nacho Tanga kwa baba mdogo, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemnyima kusoma.

Nilimsomea jioni, barazani. Hakuwa msikilizaji mpole. Tulipofika habari za uhaba wa bidhaa alinikatiza, akaanza kusimulia yake. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipoendesha msako wa wahujumu uchumi, yeye alikuwa na kibanda cha duka. Usiku mmoja alizika katoni mbili za sabuni za mche uani, chini ya mgomba, ingawa alizinunua kwa halali.

"Risiti ulikuwa nayo, Ba'mdogo?"

"Risiti ya nani, mwanangu? Siku zile kuwa na sabuni tu ilikuwa kesi."

Alipozifukua zilikuwa zimeshika tope, wakazifulia hivyo hivyo. Kwa hiyo Mwinyi alipoingia mwaka 1985 na milango ya biashara ikazidi kufunguliwa, baba mdogo hakuhitaji mchumi wa kumweleza maana ya ruksa. Aliiona dukani kwake: dawa ya meno, khanga, redio.

Lakini huyo huyo aliyemsifu kwa sabuni alininyamazisha tulipolifikia Azimio la Zanzibar la 1991, lile lililowaruhusu viongozi kuwa na hisa, kupangisha nyumba na kupokea zaidi ya mshahara mmoja. "Hapo soma polepole," alisema. Nikasoma polepole. Hakuridhika. Kwake yeye, kumfungulia mwenye duka ni jambo moja na kumfungulia waziri ni jingine, na Mzee hakupaswa kuyafungua yote kwa ufunguo mmoja. Nadhani alikuwa na haki, na sijasoma mhakiki aliyelisema kwa ufupi kuliko yeye.

Alichokubali bila ubishi ni habari ya Mwinyi kujiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani miaka ya sabini, baada ya watu kufia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga na Mwanza. Hakuwaua yeye, lakini aliondoka. Baba mdogo aliniomba niurudie ukurasa huo kesho yake, wageni walipokuwapo.

Cha Benjamin Mkapa, My Life, My Purpose, cha 2019, sikuweza kumsomea vile. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na mwandishi wake alikuwa mwanahabari aliyewahi kuhariri magazeti ya nchi hii. Nilimweleza kwa mdomo tu. Nilianzia Januari 2001, kwa sababu ndipo ninapompimia Mkapa: waandamanaji wa chama cha upinzani cha CUF waliouawa Zanzibar, wengi wao Pemba. Mkapa anakiri kwamba ni doa katika uongozi wake. Amekiri, na wengi wa daraja lake hawajafika hata hapo, lakini mama wa Micheweni, kule Pemba, aliyefiwa amekiriwa kwa lugha ambayo huenda haisomi.

Mwalimu mwenyewe hakuacha tawasifu. Maisha yake yameandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata katika majuzuu matatu yaliyotoka 2020, nayo kwa Kiingereza. Ni kazi kubwa, inayomheshimu bila kumpigia magoti.

Ukitaka kuanza, usianze na majuzuu. Anza na kile chembamba cha Mwalimu, kisha Mzee Rukhsa, halafu Mkapa. Na kama nyumbani kuna mzee aliyepanga foleni ya sukari, msomee kwa sauti na umwache akukatize.